Upanga wa Kiviking: wa kwanza ulichomoka mpini, wa pili naukubali

Nianze na wa kwanza maana ndo ulionitia adabu. Niko Uingereza, kila Februari kule York kuna Jorvik Viking Festival, tamasha la Waviking (wale mabaharia wapiganaji wa kale wa Skandinavia), nilienda kushangaa tu nikajikuta nimejiunga na kikundi cha kuigiza vita vya zamani. Nikaagiza upanga mtandaoni pauni 55, chuma kisichoshika kutu, unang'aa kama sufuria ya harusini, kwenye bapa wamechora kwa leza +VLFBERH+T, jina linaloonekana kwenye panga za enzi hizo (zile za kale herufi zilikuwa za chuma kilichogongelewa ndani ya bapa lenyewe, zimepatikana kama 170 hivi Ulaya). Muuzaji kaandika kabisa unafaa kwa mapambano. Uongo mtupu! Siku ya tatu nachapa hewa bustanini, mpini nimeushika vizuri tu, bapa likachomoka likaenda kutua kwa jirani. Kuangalia ndani ya mpini nakuta kijinondo chembamba kama penseli kimechomelewa pale basi. Sasa hivi nimeutundika ukutani, na kwa ukuta hauna shida kabisa, wageni wote wanapiga nao picha.

Wa pili nikauliza wazoefu wa kikundi kwanza. Pauni 190, chuma cha kaboni, bapa na ule mkia wake unaoingia kwenye mpini ni kipande kimoja mpaka kitakoni, hicho ndo kitu cha kumuuliza muuzaji kabla ya yote na akianza kuzunguka zunguka achana naye. Hauna makali, ukingo milimita 3, ncha imeviringwa. Nimeupima mizani ya jikoni kilo 1.2, ule wa ukutani karibu kilo 2, wakati zile za Waviking wenyewe nyingi zilikuwa kilo moja na kitu tu. Na ule mfereji katikati ya bapa sio wa kupitishia damu jamani, ni wa kupunguza uzito.

Ubaya wake mpini mfupi, ukivaa glavu vidole vinabanana, ila ndo zilivyokuwa hata enzi hizo. Halafu kutu, niliuacha kwenye ala ya ngozi wiki moja na hizi mvua za huku nikakuta umetoka madoa, sasa kila nikitoka mazoezini naupaka mafuta ya cherehani naulaza nje ya ala.

Mama nilimuonyesha kwa vidio, akauliza mbona butu, utafyekea nini.