Trese, kitabu cha kwanza: majini ya Manila chini ya lami

Mwenzangu wa chumbani hapa Doha ni Mfilipino. Kila akipita chini ya mti mkubwa hunong'ona "tabi-tabi po". Nilipomwuliza, akasema anawapigia hodi wasioonekana. Mimi mtu wa Likoni nikamwelewa papo hapo: nyanya hakuturuhusu kumwaga maji moto nje usiku bila bismillahi, tusije tukaunguza mtoto wa jini. Ndipo akaniazima Trese.

Ni hadithi za picha za Budjette Tan, zilizochorwa na Kajo Baldisimo kwa wino mweusi mtupu, zikaanza kutoka 2005. Polisi wa Manila wakikuta maiti wasiyoielewa humwita Alexandra Trese. Kesi ya kwanza ameuawa mzuka: yule mwanamke wa nguo nyeupe anayesemwa huwatokea madereva Balete Drive, mtaa wa kweli kabisa pale Quezon City. Nani basi amwue aliyekwisha kufa? Nililiwaza hilo zamu nzima.

Lakini aliyeniteka ni nuno. Asili yake ni kizee kidogo wa kichuguuni. Mjini vichuguu haviko, kwa hiyo huyu anakaa ndani ya chemba ya majitaka. Alexandra anamwendea na chokoleti za karanga, naye anatoa habari. Hapo nimerudi mara sijui ngapi. Tikbalang naye, jini wa kichwa cha farasi, anashindana mbio na magari usiku.

Walinzi wa Alexandra ni pacha, Crispin na Basilio. Mwenzangu alishangaa kwamba majina hayo hayaniambii kitu. Ni ya ndugu wawili katika riwaya ya José Rizal ya 1887, ambayo kwao husomwa shuleni.

Kasoro ipo. Kesi ni fupi, na Alexandra hupata jawabu mapema mno; nilitamani kumwona akikosea, hata mara moja. Pia nakala niliyojinunulia mtandaoni iliachia gundi wiki ya pili, na muuzaji hakunijibu. Nimeishona kwa uzi wa jeans.

Kimeandikwa kwa Kiingereza chepesi, na maneno ya Kitagalogi hapa na pale. Kama umelelewa na hadithi za majini, kinunue. Cha pili nimeshakiazima, na jana kwenye mbuyu wa plastiki pale dukani nilijikuta nimesema tabi-tabi po.