TAHADHARI: Unalipia lita 12 za ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki), kwenye giaboksi zinaingia 3

Wenye Toyota Prado 120 ya petroli (injini 1GR) yenye giaboksi ya otomatiki ya A750F mnaovuta tela au boti, kuna mchezo gerejini. Unaandikiwa risiti ya "ATF yote", makopo matatu ya lita 4. Fundi anafungua bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), zinatoka kama lita 3, anarudisha 3, anafunga. Kopo moja limetumika, hata halijaisha. Mengine yanauzwa kwa mwingine.

Giaboksi hiyo inabeba karibu lita 11. Nyingi zimebaki ndani ya toku konveta (kiungo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa oili) na mabomba ya kupozea, kwa hiyo umeondoka na oili mpya chini ya theluthi moja. Ukirudia mara tatu, ukiendesha kidogo kila baada ya kujaza, utafika karibu theluthi mbili. Kuitoa yote ni lazima bomba la kurudishia kutoka kwenye rejeta lifunguliwe, injini ikiwaka isukume oili nje, huku unajaza kiasi kilekile kilichotoka.

Wapo pia wanaochota kwenye pipa na kukuambia "ni WS hiyo, si unaiona nyekundu?" WS ndiyo aina ya ATF ya giaboksi hii. Wekundu ni rangi tu, Dexron III na T-IV, aina nyingine za ATF, nazo ni nyekundu, na ni nzito kuliko WS. Bolti ya kujazia ya A750F imeandikwa WS, mwambie akuonyeshe.

Uongo mbaya zaidi ni wa "oili ya maisha", eti haibadilishwi kamwe. Kwa gari linalovuta, ratiba ya Toyota ya Marekani yenyewe inataka ibadilishwe kila maili 60,000, yaani kilomita 96,000 hivi. Kwa tela zito kwenye joto na milima yetu, kilomita 40,000 hadi 50,000 ndiyo busara. Ukipanda mlima wa Kitonga na mzigo, toku konveta haijifungi, inateleza na kukoroga oili mpaka inachemka. Oili iliyoungua haishiki klachi vizuri, klachi zikiteleza joto linazidi, na hapo unaanza kutafuta giaboksi ya mtumba.

Nunua makopo mwenyewe, yakiwa na sili, na usiondoke. Oili inayotoka imwagwe kwenye dumu lenye alama za lita. Isipozidi 10, hiyo si "yote". Makopo matupu uondoke nayo, maana hujazwa tena.

Gari hili halina stiki ya kupimia ATF, na hapo ndipo fundi wa haraka anapobahatisha. Gari liwe sawa juu ya stendi, injini inaunguruma, gia zote zimepitishwa kisha zimerudi P, oili iwe nyuzi 46 hadi 56 kwenye skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari). Fungua bolti ya kupimia: oili ichuruzike kidogo tu. Isipotoka kitu, imepungua. Ikimwagika kwa kasi, subiri mpaka ichuruzike, ndipo ufunge. Gereji isiyo na skana, ipe kazi ya breki.