Uzoefu wangu: programu ya kutengeneza jedwali la lishe kwa siagi ya karanga

Natengeneza siagi ya karanga hapa Dodoma mjini. Karanga nanunua soko la Majengo, na nyingi wauzaji wanasema zimetoka Kongwa na Mpwapwa. Maduka makubwa yalipoanza kudai jedwali la lishe nyuma ya kopo, nililipia programu ya mtandaoni inayofanya kazi hiyo. Ni ya Marekani na malipo yake ni ya mwezi, kwa dola. Jina naliacha, maana ninayoyaeleza yanahusu programu yoyote iliyojengwa kwa sheria za kule.

Unaingiza viungo na uzito wake, yenyewe inachukua takwimu za kila kiungo kutoka kwenye hazina ya takwimu za vyakula ya serikali ya Marekani, inajumlisha, kisha inakupa jedwali unaloweza kumpelekea fundi wa stika. Kwa upande wa hesabu naisifu bila kusita. Kubadilisha chumvi kuwa sodiamu, kwa mfano, inafanya yenyewe: nikiweka gramu 5 za chumvi kwenye kilo moja ya siagi, kila gramu 100 inapata takriban miligramu 200 za sodiamu. Tena inakukumbusha kuandika kwamba bidhaa ina karanga, na hilo si pambo. Kuna watu karanga inawaua.

Sasa sikilizeni vizuri, wajasiriamali wenzangu, hasa mnaokaanga. Programu inaanza na karanga mbichi, ambayo kwenye hazina ile ina protini gramu 25.8 na mafuta gramu 49.2 kwa kila gramu 100. Lakini karanga ikikaangwa maji yanatoka, na ukiipepeta maganda nayo yanaondoka. Kwangu kilo 10 zinarudi kama kilo tisa na robo. Protini haikwenda na maji. Imebaki kwenye uzito mdogo zaidi, kwa hiyo kwa gramu 100 za siagi inakaribia 28. Kipo kisanduku cha kujaza uzito wa mwisho, ila kimefichwa kwenye mipangilio, na usipokijaza programu inachukulia kwamba hakuna kilichopungua. Kwa jambo zito namna hii, kisanduku hicho kingekuwa ukurasa wa kwanza. Pimeni kabla ya kukaanga, pimeni tena baada ya kusaga, muandike zote mbili daftarini.

La pili ni wanga. Wamarekani wanahesabu nyuzinyuzi ndani ya wanga. Karanga mbichi kwao ina wanga gramu 16.1, na ndani yake gramu 8.5 ni nyuzinyuzi. Mwongozo wa Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ambao nchi nyingi hufuata, unataka wanga unaomeng'enywa tu, yaani hizo nyuzinyuzi zitolewe, ibaki gramu 7.6. Tofauti ni zaidi ya nusu! Mgonjwa wa kisukari anayesoma kopo lako anastahili namba iliyo sahihi. Kwenye programu niliyotumia ilinibidi nichague muundo wa nchi nyingine ndipo wanga ukabadilika, na muundo huo umo kwenye kifurushi cha bei ya juu. Hapo sikupendezwa hata kidogo.

Muundo wa Marekani pia unaanza na kipimo cha mlo mmoja, vijiko viwili vya siagi, na asilimia za mahitaji ya siku kwa mtu wa kilokalori 2,000. Codex inataka kwanza kwa gramu 100, na hiyo ndiyo inayomwezesha mama sokoni kulinganisha kopo langu na la jirani. Nishati iandikwe kwa kilojuli na kilokalori; protini na wanga ni kilokalori 4 kwa gramu, mafuta 9. Maneno ya Kiswahili programu haina, nimeyaandika mwenyewe: nishati, protini, mafuta, wanga, sukari, sodiamu.

Anayetengeneza unga wa lishe wenye uwele au ubuyu atapata shida zaidi, maana vyakula vyetu ni vichache kwenye hazina ile. Pakueni jedwali la vyakula vya Tanzania la mwaka 2008, lililoandaliwa na MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili), Taasisi ya Chakula na Lishe na chuo cha Harvard cha Marekani. Ni la bure, na programu inakuruhusu kuingiza kiungo chako kwa mkono.

Na jedwali zuri halisemi lolote kuhusu sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka na karanga. Sisi wa Dodoma tunakumbuka mwaka 2016, watu walipofariki hapa na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na karanga nayo huipata. Hilo ni la maabara, si la kompyuta. Hata namba za lishe, ukishauza kwa wingi, zipeleke maabara zihakikiwe; ofisi ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) hapa Kanda ya Kati watakuelekeza.

Kwa hiyo, je, ninaipendekeza? Kwa mwenye bidhaa tatu au nne zenye viungo vingi, ndiyo. Lipia mwezi mmoja, maliza bidhaa zote, hifadhi mafaili, sitisha malipo. Mwenye karanga na chumvi tu, kikokotoo cha simu na hilo jedwali la 2008 vinamtosha.