Mtungi wa gesi wa kilo 6 kwenye geto la mwaka wa kwanza: nunua, ila ujue mpira wake

Muhula wa pili humkuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameshajua mambo mawili: kwamba boom (fedha ya mkopo wa wanafunzi) halimfikishi mbali akila mgahawani mchana na usiku, na kwamba mkaa na masika havipatani. Ndiyo maana kuanzia mwezi wa tatu, kwenye mageto (vyumba vya kupanga vya wanafunzi) ya Changanyikeni, Msewe na Makongo, karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtungi mdogo wa gesi unaanza kuonekana pembeni ya kila godoro. Tunazungumzia ule wa kilo 6, wenye jiko linalofungwa moja kwa moja juu ya mtungi bila bomba wala kifaa cha kupunguza presha. Kwa anayekaa hosteli haufai, kwa sababu kupika chumbani kumekatazwa na mtungi ukionekana unachukuliwa. Kwa aliyepanga chumba mtaani, hiki ndicho kifaa cha kwanza kununua baada ya godoro na ndoo.

Tuanze na hesabu. Jiko dogo likiwaka kwa moto mkubwa hula takriban gramu 150 za gesi kwa saa, kwa hiyo kilo 6 ni kama saa 40. Anayepika saa moja kwa siku anapata siku 40. Tuchukue bei ya kujaza kuwa shilingi 24,000: ni shilingi 600 kwa siku. Fedha ya kujikimu ya HESLB (Bodi ya Mikopo) ni shilingi 10,000 kwa siku, na ndani yake mna kodi ya chumba na nauli, kwa hiyo sahani mbili za wali maharage za mgahawani zinakula sehemu kubwa ya kilichobaki. Kutoka mwanzo wa mwezi wa tatu hadi UE (mitihani ya mwisho wa muhula) ziishe mwezi wa saba, mtu mmoja anajaza mara tatu, na wa nne anaumalizia kidogo. Wawili wakichangia mtungi ni nafuu zaidi, maana sufuria la watu wawili halichukui muda mara mbili ya la mtu mmoja.

Umeme je? Kusema kweli, kwa bei ya kawaida ya shilingi 356 kwa uniti, jiko la presha la umeme linashinda gesi kwenye maharage na makande. Tatizo liko kwa mwenye nyumba. LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni moja kwa vyumba sita, nyaya ni nyembamba, na jiko la umeme ni la kwanza kukatazwa siku ya kukabidhiwa ufunguo. Kama chumba chako kina LUKU yake, fikiria upya. Kama hakina, gesi.

Dukani, usibebe mtungi kabla haujapimwa. Kila duka la gesi linatakiwa kuwa na mizani, na kupimiwa ni haki yako. Kwenye ukingo wa juu wa mtungi kumegongwa au kuandikwa uzito wa mtungi mtupu. Ukisoma 7.2, mizani inapaswa kuonyesha 13.2. Pima bila jiko juu yake, la sivyo unapimiwa chuma ukidhani ni gesi. Nusu kilo ikipungua, kwa bei yetu hapo juu, ni shilingi 2,000 zimeondoka, siku tatu za kupika. Lakiri ya plastiki kwenye mdomo iwe nzima. Ikiwa imechanika, omba mwingine. Halafu chagua rangi ya kampuni inayouzwa karibu na unakoishi, kwa sababu kubadilisha kwa wa kampuni ileile ndiko rahisi zaidi. Mtungi wa bei nzuri kutoka mbali unakuwa mzigo siku gesi inapoisha saa mbili usiku.

Sasa mpira. Ndani ya mdomo wa mtungi, ukichungulia kwa mwanga, utaona pete ndogo nyeusi ya mpira. Ukikaza jiko, shina lake linasukuma vali na kuifungua, na pete hiyo ndiyo pekee inayozuia gesi isipande kupitia kwenye nyuzi za kukazia. Mpira ukiwa haupo, umepasuka au umekauka ukawa mgumu kama kucha, gesi inavuja hata jiko likiwa limezimwa. Hii ndiyo kasoro kubwa ya mtungi huu, na inajirudia kila unapobadilisha kwa sababu unapewa mtungi mwingine wenye mpira mwingine. Omba wa akiba palepale dukani, ni kitu cha bei ndogo sana.

Kufunga: hakikisha kitasa cha jiko kimezungushwa mpaka mwisho kwenye kufunga, weka jiko wima, kaza kwa mkono mpaka likomee. Usitumie spana wala koleo. Ukikaza kwa nguvu unaukata mpira, na jiko lililokaa upande linaharibu nyuzi kabisa. Kisha koroga sabuni ya unga na maji kidogo, paka povu shingoni na subiri dakika moja. Povu likivimba na kutoa mapovu mapya, kuna uvujaji. Usipime kwa kiberiti hata siku moja.

Jambo ambalo wapangaji wa geto wanapaswa kulijua kuliko wengine ni kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni, na geto la mwaka wa kwanza godoro liko sakafuni. Anayelala yuko ndani ya gesi kabla pua ya aliyesimama haijasikia harufu. Ukisikia harufu, funga kitasa, fungua mlango na dirisha, toa mtungi nje. Swichi usiiguse, si kuwasha wala kuzima, na feni ni swichi pia. Mvua za masika zinamshawishi mtu afunge dirisha wakati anapika. Liache wazi angalau upana wa kiganja. Lile pazia linalotenganisha kitanda na jiko lifungwe fundo juu kabla ya kuwasha kiberiti.

Kwenye upishi wenyewe, moto ni mzuri, wa bluu, na chai iko tayari kabla hujamaliza kupiga pasi. Ukianza kuwa wa njano na kupaka masizi kwenye sufuria, matundu ya hewa yaliyo chini ya kichwa cha jiko yameziba, mara nyingi kwa maziwa au maji ya wali yaliyofurika. Subiri lipoe, fungua kichwa, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha. Sindano usiitumie kwenye tundu dogo la gesi, ukilipanua moto hautarudi kuwa sawa.

Wali unahitaji ujanja. Moto wa jiko hili umekusanyika katikati na haupendi kushushwa sana; upepo kidogo tu unazima. Matokeo yake ni ukoko mweusi katikati na mchele mbichi pembeni. Maji yakikauka, weka kipande cha bati nene au kikaango kikuukuu chini ya sufuria, moto mdogo, dakika kumi. Kwenye ugali ndipo mtungi unapoonyesha udhaifu wa umbo lake. Ni mrefu, mafiga yake matatu ni membamba, na ukianza kusonga vinacheza vyote. Unga usizidi nusu kilo, na uji ukishachemka vizuri, shusha sufuria kwenye ngata sakafuni, songa hapo, kisha rudisha dakika tatu uive.

Maharage ndiyo mla gesi. Loweka nusu kilo usiku kucha, mwaga maji yale, bandika kwa maji mapya na uchemshe dakika 20 kwa nguvu, ukiwa umefunika. Zima, zungushia sufuria blanketi au kanga mbili, nenda kipindi. Ukirudi baada ya saa mbili yanahitaji robo saa nyingine tu. Chumvi na nyanya viingie mwisho, kwa sababu nyanya inayagomesha. Usipike ya wiki nzima. Kwa joto la Dar bila friji, ya siku mbili yanatosha, yakichemshwa asubuhi na jioni, na nazi utie kwenye unayokula siku hiyo tu.

Moto ukififia usiulaze mtungi wala kuutia kwenye maji ya moto ili kumalizia gesi. Ukilala, gesi inatoka ikiwa ya maji na moto unaruka. Ukiutikisa ukasikia hakuna kinachocheza ndani, kabadilishe.

Mwezi wa saba wengi wanaenda field (mafunzo kwa vitendo) mikoani. Mtungi hauingii kwenye buti la basi. Fungua jiko, sikiliza kama mdomo unapuliza, rudisha kifuniko, na uuache umesimama mahali penye hewa kwa mtu anayebaki. Usiufungie chumbani chini ya kitanda miezi mitatu. Ukirudi mwezi wa kumi, kagua mpira kabla ya kitu kingine chochote.