Nimelipa, nikadanganywa, kisha nikachekwa: matembezi ya bustani za Nairobi

Nyota moja. Nilikuwa nimeandika mbili, nikafuta moja, na mkisoma mtajua ni kwa nini.

Kuna vijana wana kampuni ya kutembeza watu mjini kwa miguu. Historia ya bustani za Nairobi, ndivyo wanavyoitangaza. Mnaanzia Jeevanjee, mnamalizia Uhuru Park. Jina lao silitaji, wao wanajijua. Nilijilipia mimi na shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Mombasa kutusalimia kabla mvua hazijaanza. Bei si ya kitoto, na pesa wanataka kwenye M-Pesa kwanza, hata kabla hawajakuambia mtakutania lango gani. Sawa, ndiyo Nairobi.

Mwongozaji wetu kijana nadhifu, viatu vyeupe pepepe, kipaza sauti cha mkononi kinachopiga mbinja kila akikiwasha. Kipaza sauti nilikivumilia. Yaliyotoka ndani yake ndiyo yaliyonishinda.

Pale Jeevanjee tukasimamishwa mbele ya Malkia Victoria, ile sanamu isiyo na kichwa. Kijana anatangaza, bila hata kusita, kwamba kichwa kilikatwa na Mau Mau. Jamani! Kichwa kile sisi tumekiona kwa macho yetu miaka nenda miaka rudi tukikatiza kwenda kushika matatu. Kilivunjwa mwaka 2015, na watu wasiojulikana. Sanamu yenyewe ilisimamishwa hapo 1906, na aliyeizindua ni mwana wa huyo huyo malkia, Duke wa Connaught. Hiyo peke yake ni hadithi tamu, mtoto kutoka Uingereza kuja kumfunulia mamake sanamu katika mji wa tope na mabati ambao reli ilikuwa imeufikia 1899 tu. Mwongozaji hakuwa nayo.

Jeevanjee mwenyewe naye akafanywa kibarua wa reli. Alibhai Mulla Jeevanjee kibarua! Mfanyabiashara kutoka Karachi, mkandarasi aliyeipatia reli vibarua na vyakula, mwanzilishi wa gazeti la African Standard ambalo leo ndilo The Standard, na Mhindi wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Bustani ni yeye aliyeutolea mji. Mwaka 1991 wakubwa walipotaka kuimeza wajenge maegesho ya magari ya ghorofa, familia yake na wananchi waligoma mpaka mpango ukafa. Kuhusu hilo hatukusikia hata neno. Nilimtazama shangazi, akanikonyeza ninyamaze. Nikanyamaza.

Chini ya mti palikuwa na wale wa Bunge la Mwananchi, raia wa kawaida wanaokutana hapo kujadili siasa, mabishano yamepamba moto kuhusu bei ya unga. Mzee mmoja ameshika gazeti lililokunjwa, akikuelekezea nalo ndiyo zamu yako ya kusema, akilirudisha kwapani umekwisha. Mwingine alikuwa amevaa koti la suti juu ya ovaroli yenye grisi, bila shaka ametoka gereji ya Kirinyaga Road, na alikuwa akiitaja bajeti ya serikali kifungu kwa kifungu. Hapo ndipo ningependa tukae nusu saa. Kijana akasema, "Hawa ni watu hawana kazi, twendeni, na mwangalie simu zenu." Hawana kazi! Wamekuwa wakiijadili nchi hapo tangu yeye hajajua kufunga kamba za viatu.

Tukashuka Muindi Mbingu, tukapita City Market, kimya. Barabara ina jina la mtu aliyewaongoza Wakamba kuja Nairobi mwaka 1938 kumkabili gavana kwa sababu ya ng'ombe wao waliouzwa kwa nguvu, na mwongozaji wa historia anazungumzia mahali pa kununua kahawa nzuri. Sitaki kuwa mkali. Labda njaa ilikuwa imemshika.

Lakini Freedom Corner sitamsamehe.

Mnajua pale, Uhuru Park, kwenye pembe ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Akapanda kijukwaa, akawasha mbinja yake, akasema: "Hapa serikali ilimpa Profesa Wangari Maathai kama zawadi, baada ya kushinda Nobel."

Zawadi.

Mimi ni mtu wa Majengo, Pumwani. Uwanja wa Kamukunji tunautazama kutoka mlangoni, na moshi wa Saba Saba ya 1990, yale maandamano ya Julai 7 ya kudai vyama vingi, tuliumeza tukiwa na mitandio ya mama zetu mdomoni. Siwezi kusimama Freedom Corner nikaambiwa ni zawadi. Nikainua mkono, kwa adabu kabisa, nikamwambia: kijana, samahani. Bustani hii ilifunguliwa na Mzee Kenyatta mwaka 1969. Mwaka 1989 serikali ilitaka kuikata isimamishe jengo la ghorofa 60 la gazeti la chama tawala, KANU, na sanamu ya Rais Moi juu ya hesabu. Wangari akaandika barua hadi kalamu ikalia. Wabunge wakamtukana bungeni, Moi akasema wanaopinga wana wadudu kichwani, shirika la Wangari la kupanda miti, Green Belt, likafukuzwa ofisini likahamia nyumbani kwake. Wenye pesa ng'ambo wakaogopa, wakajitoa. Kisha Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa wakaja kukaa hapa hapa bila kula, wakidai wana wao. Machi wakapigwa marungu na vitoza machozi, Wangari akazimia, na wale akina mama wazee wakavua nguo mbele ya askari. Nobel ni ya 2004. Hakuna aliyempa mtu kitu hapa.

Kundi zima kimya. Mzungu mmoja akawa ananipiga picha.

Yule kijana akanitazama juu chini, akakisogeza kipaza sauti mdomoni, KIPAZA SAUTI, akasema: "Mzee, kama unajua yote hayo, mbona ulilipa?"

Wakacheka. Watu niliotembea nao tangu Moi Avenue wakacheka. Nilihisi masikio yanachemka. Nilikuwa na majibu mengi, mazuri zaidi yamenijia usiku nikiwa kitandani, ila wakati ule nilichoweza kusema ni "nirudishie pesa yangu basi", na hilo likawachekesha zaidi.

Nimewapigia simu. Binti wa kampuni akaniambia wateja wengi wanataka "kitu chepesi", historia nzito inawachosha. Nikamuuliza, uongo una uzito gani kwa kilo? Akakata. Pesa sijaona.

Sasa nikiwa mkweli, na hapa ndipo ile nyota ya pili ilipotokea, kijana si mtu mbaya. Pale pa kuvuka Uhuru Highway, magari yakija kama yametumwa, alimshika shangazi mkono, akasimamisha bodaboda kwa kiganja, akamvusha polepole leso yake isikanyagwe. "Pole pole shosho, tuko pamoja." Alimnunulia maji. Alimtafutia kivuli, akamtandikia sweta yake nyasini. Wangapi wanafanya hivyo siku hizi? Na ana sauti, ana ucheshi, watoto walimfuata. Akifunzwa wiki moja tu na wale wazee wa chini ya mti atakuwa mwongozaji hodari kuliko wote mjini.

Nilikuwa nimeshaandika hivyo, nyota mbili, hasira zimepoa. Kisha ikaingia meseji yao: "Asante kwa kutembea nasi! Tupe nyota 5." Chini yake wameweka tangazo la matembezi yanayofuata, na katika maelezo, kwa maandishi, yaani kuna mtu aliketi akayapiga chapa akayasoma: Freedom Corner, bustani aliyozawadiwa Wangari Maathai. Kwa hiyo si kijana. Ndivyo wanavyomfundisha. Nyota moja, na hiyo ni ya sweta.

Ukitaka kuziona bustani hizi nenda mwenyewe. Jeevanjee fika saa ya chakula cha mchana siku ya kazi, wahubiri upande mmoja, Bunge upande wa pili, nunua njugu na uwasikilize wote. Freedom Corner tafuta mtu aliyevuka miaka hamsini akusimulie.

Nilimsomea shangazi haya yote kabla ya kuyatuma. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwache mwanangu, kijana wa watu yuwatafuta riziki." Kisha akaniuliza kama wana safari ya City Park kule kwenye tumbili, na kama nitamlipia. Anamtaka yule yule.