FamilySearch: kusaka ukoo wa Marekani ya enzi ya ukoloni ukiwa Vihiga

Kama wajukuu wako wa Marekani wanauliza mababu zao wa upande wa pili walitoka wapi, anzia FamilySearch, tovuti ya rekodi za ukoo. Ni bure, unafungua akaunti tu. Gharama ni bando, maana picha za rekodi ni nzito. Saiba yenye intaneti nzuri inafaa kuliko simu.

Ule mti wa ukoo wa pamoja ulio humo usiuamini. Yeyote anaweza kuuhariri, na watu wa miaka ya 1600 wamebandikwa wazazi bila ushahidi wowote. Nenda kwenye rekodi zenyewe.

Sensa ya kwanza ya taifa ilikuwa 1790, na hadi ile ya 1840 iliandikwa jina la mwenye nyumba peke yake. Mke na watoto wasake kwenye wosia na hati za ardhi. Hapo utafutaji wa maandishi kamili ni hazina: mashine imesoma mwandiko wa makarani, ukiandika jina inakuletea hata shahidi aliyetia sahihi pembeni. Inachokosea ni ile s ndefu ya zamani inayofanana na f, kwa hiyo Ross mtafute pia kama Rofs.

Chunga kaunti. Lancaster ya Pennsylvania ilimegwa kutoka Chester mwaka 1729, kama Vihiga ilivyomegwa kutoka Kakamega. Wosia wa 1725 wa shamba ambalo leo liko Lancaster utaupata Chester.

Ukoo ukiwa wa Waquaker, yaani Friends, aliyelelewa katika kanisa la Friends yuko nyumbani: mkutano wa mwezi ni uleule ulioletwa Kaimosi na Wamarekani mwaka 1902. Vitabu vyake vina kuzaliwa, ndoa na mashahidi wake, na cheti cha kuhama kinachotaja mtu anatoka mkutano gani na anaenda upi. Mtego ni tarehe. Hawakutaja miezi kwa majina, na kabla ya 1752 mwezi wa kwanza ulikuwa Machi, mwaka ukianza tarehe 25. “Siku ya 10, mwezi wa 12, 1731” ni Februari 1732, si Desemba. Kosa hili limejaa kwenye miti.

Kasoro kubwa: picha zenye alama ya ufunguo hufunguka tu kwenye vituo vya FamilySearch au maktaba washirika. Vitabu vingi vya Waquaker viko Ancestry, tovuti nyingine ya ukoo, ambayo ni ya kulipia. Kusanya majina yote kwanza, kisha lipia mwezi mmoja tu.