Uzoefu wangu: taasisi iliyotupa nakala "chafu"

"Hatuhifadhi nakala mbili za kitu kimoja." Ndilo jibu nililopewa kwa simu na taasisi ya utafiti wa historia ya siasa niliyoikabidhi masanduku 6 ya nyaraka za tawi la chama kilichokwisha kufa. Hasira haijanitoka hadi leo.

Hazikuwa nakala mbili za kitu kimoja! Muhtasari wa kikao ulichapwa na kugawiwa wajumbe, lakini nakala ya katibu ilijaa masahihisho ya penseli: jina limekatwa, na kwenye azimio "tunadai" imegeuzwa "tunaomba". Nakala safi inaonyesha walichokubali kukitangaza. Ile yenye penseli inaonyesha walichogombania, na hicho ndicho mtafiti wa siasa anakitafuta. Wao wakabakiza iliyo safi.

Mpangilio nao wakauvuruga. Ufaransa iliweka kanuni ya kutochanganya nyaraka za vyanzo tofauti mwaka 1841, na Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, ikasisitiza mwaka 1881 kwamba mpangilio wa ofisi iliyozizalisha uheshimiwe. Hawa wakapanga barua na barua, vipeperushi na vipeperushi. Kulikuwa na barua isiyo na tarehe, imebanwa kwa klipu pamoja na kipeperushi na bahasha yenye mhuri wa posta. Tarehe ya barua ile ilikuwa kwenye bahasha tu, na bahasha wameitupa. Sasa nani atajua kama iliandikwa kabla ya mgawanyiko wa tawi au baada yake?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi yao ya skana ni nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuiona. Karatasi nukta 400 kwa inchi, picha 600, zote kwa TIFF, aina ya faili ya picha inayotunza ubora, na kila faili ina namba yake ya uhakiki ya SHA-256, ya kuonyesha kama faili imebadilika. Pini za stepla zilizoshika kutu walizifungua miguu kwa nyuma kwa kibati chembamba, hawakuzing'oa. Karatasi za faksi walizianza mapema, maana zile zinazochapwa kwa joto hufifia zenyewe hata zikiwa kabatini. Kwenye mahojiano waliomba ridhaa mara mbili: kabla ya kurekodi, kisha baada ya msimulizi kusoma maandishi ya aliyoyasema. Hapo nilikuwa tayari kuwapa nyota 4.

Anayetaka kushirikiana na taasisi ya namna hii asome kwanza mkataba wa makabidhiano, hasa kifungu cha uchujaji, yaani kuamua kipi kibaki na kipi kitupwe. Wangu uliandikwa "taasisi itachuja kadiri itakavyoona inafaa", na maneno hayo ndiyo yaliyoila penseli ya katibu. Dai yaandikwe hivi: hakitupwi kitu bila orodha ya maandishi, na kisichotakiwa kinarudishwa kwa mtoaji. Umiliki wa karatasi na hakimiliki viwe vifungu mbalimbali, kwa sababu barua uliyopokea ni mali yako kama karatasi, lakini kwa kawaida haki ya kuyachapisha maneno yake hubaki kwa aliyeyaandika au warithi wake.

Kabla sanduku halijatoka mikononi mwako, lipige picha likiwa wazi, jinsi lilivyo. Halafu kila karatasi iandike namba kwa penseli laini, nyuma, pembeni: 2/14/3, yaani sanduku la 2, jalada la 14, karatasi ya 3. Kalamu ya wino usiiguse kabisa. Klipu na bahasha zihesabu kama karatasi nyingine yoyote. Namba hizo zikiwepo, hata wakichanganya, mpangilio unarudishika.

Nilitaka kusema msiwape kitu. Lakini karatasi zikibaki darini zitaliwa na mchwa na unyevu, na skana zao zitatumika miaka mingi. Wapeni, ila kwa awamu: sanduku moja, msubiri orodha yake, ndipo la pili. Nyota 3. Nikiifikiria bahasha ile, 2.

Nimewaandikia kuomba orodha ya vyote walivyotupa. Jibu lililokuja ni fomu ya kutoa masanduku mengine.